Banda la Mianzi Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Vijana wenzangu wa ofisi ya ujenzi, siku mliponiaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, na mmoja wenu akasema nisisahau siri ya mafanikio. Siri hiyo sina. Vyeo vyangu mnavijua, na kama hamvijui hamjakosa kitu. Nitaandika kuhusu mvua, jua, mianzi na kamati, maana hivyo ndivyo vilivyonizeesha, na katika vyote vinne mianzi ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vingine.

Nilishuka Kilosa kwa treni na begi moja na cheti cha ufundi sanifu ambacho nilikuwa nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisiloe. Kesho yake nikapelekwa Chanzuru kuangalia darasa lililokuwa limefika usawa wa linta, juu kidogo ya madirisha. Mafundi walinikaribisha vizuri, wakaniletea kigoda, kisha wakaendelea kuchungulia barabarani. Nikawauliza wanamngoja nani.

"Fundi sanifu, dada. Tumeambiwa leo anakuja."

Nikawaambia ndiye mimi. Wakacheka kwa adabu, wakaendelea kuchungulia. Nikatoa timazi begini, nikaining'iniza kwenye kona ya ukuta, na ile kamba ikaonyesha kwamba ukuta umelala kuelekea dirishani. Hapo ndipo walipoacha kuangalia barabara. Wakaniita Mama Ramani wakati hata mchumba nilikuwa sina, na jina likanikaa mpaka leo.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Mzee Chigula, seremala wa karakana yetu, Mkaguru mwembamba asiyependa maneno. Ukiingia karakanani bila shikamoo hakuoni. Unaweza kusimama mbele yake na kuuliza misumari mpaka uchoke, yeye anapiga randa kana kwamba upepo ndio umefungua mlango. Ukisema shikamoo anaitikia marahaba, anaweka randa chini, na sasa umefika. Msumeno wake alikuwa haazimishi, akisema ni sawa na kuazima mswaki. Lakini keekee yake ya mkono alinipa kabisa siku alipostaafu, nami ninayo bado.

Masika ya kwanza alinitoa ofisini mvua ikinyesha, bila mwavuli, tukaenda kusimama mbele ya ghala moja nililolichorea paa.

"Mwanangu, ulichora juani," akasema. "Simama hapa uangalie maji yanapita wapi."

Yalikuwa yanapita mlangoni. Tulisimama pale mpaka nikaelewa kila tone linatoka wapi, na nguo zikanigandia mwilini. Sikuwahi tena kuchora paa bila kujiuliza kwanza nitasimama wapi mvua ikianza. Ninyi mnachora kwenye kompyuta na mistari yenu imenyooka kuliko yangu, siwabezi. Ila mvua haiangalii kompyuta.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilisimamia ramani za watu wengine. Ramani inatoka juu, imegongwa muhuri, darasa ni lile lile kama ni mlimani au kwenye tope. Upande wa Magole tulijenga zahanati yenye baraza, na baraza lina ukuta unaofika kifuani. Ukuta mzuri, umepigwa lipu. Tatizo ni kwamba wafugaji wa kule walikuwa wanakuja na ng'ombe wao, wanawaacha mbugani wakale, na mama anayemleta mtoto anataka kukaa anapowaona. Akikaa barazani haoni kitu. Basi akina mama wakawa wanakaa nje juani na watoto wenye homa, na baraza likabaki na mbuzi. Nikaandika kuomba ukuta ukatwe ufike magotini. Nikajibiwa kwamba ramani imetoka juu. Nikauliza juu kuna ng'ombe wangapi. Hilo swali lilinigharimu, lakini nimesema vyeo sizungumzii.

Nawaeleza haya ili mjue kwa nini lile banda la Mikumi lilinikaa moyoni. Lilikuwa jengo langu la mwisho kabla ya kustaafu, na lilikuwa la kwanza ambalo halikutoka juu. Lilitoka kichwani mwangu.

Kiwanja kilikuwa karibu na soko, kando ya barabara kuu. Watu wanashuka kwenye mabasi na mizigo yao, wanangoja magari ya kuwapeleka vijijini, na wakati wote huo wanapigwa na jua kichwani. Kando yao akina mama lishe wanapika chini ya miavuli iliyochanika. Kikundi cha wakazi kilikuwa kimeunda kamati ya kupendezesha mji, kikaomba ofisi yetu iwachoree sehemu ya watu kupumzika. Vijana wote mlikuwa na kazi za maana, nikapewa mimi.

Nikachora banda la mianzi lenye mapaa matatu yaliyopandana. La chini pana, linalofunika wanaokaa pembezoni. La pili dogo kidogo, limeinuliwa juu ya lile la kwanza na kuacha nafasi kati yao. La tatu dogo zaidi, juu kabisa, kama kofia. Hewa ya moto inapanda na kutokea kwenye zile nafasi, na kila paa linafunika uwazi ulio chini yake kwa namna ambayo mvua haiingii. Vigae ni mianzi iliyopasuliwa katikati na kupangwa mmoja ukitazama juu, mwingine chini, maji yanatiririka ndani yake. Nguzo zimesimama juu ya mawe, hazigusi udongo.

Na katikati niliweka majiko. Hii ndiyo roho ya mchoro wote, na naomba mnielewe. Mwanzi ukishakatwa una adui, kadudu kadogo ka ukoo mmoja na dumuzi wanaomaliza mahindi yenu ghalani. Kanaingia, kanatafuna, na siku moja unaona unga wa njano sakafuni. Lakini ingia jiko lolote la zamani huku kwetu, tazama juu. Fito ni nyeusi ti, na ni ngumu kama chuma. Ni moshi. Nikasema akina mama lishe wapike katikati, ndani ya ukuta wa matofali unaofika kiunoni ili moto usitoroke, na moshi wao upande kupitia mapaa yote matatu kabla ya kwenda zake. Wapishi wanapata kivuli, wasafiri wanapata chai, na banda linapata dawa kila siku ya Mungu. Lisipokaliwa, litaliwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Kibwana, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mkarimu na mwenye heshima zake. Ukarimu wake ndio ulioniua. Kila alichokuwa nacho dukani alitaka kukitoa kwa ajili ya banda.

"Dada, shikamoo. Nimeleta misumari."

"Marahaba. Mwanzi haupigwi misumari, unapasuka. Tunatoboa kwa keekee, tunafunga kwa kamba ya mkonge."

"Basi saruji. Tuzimwagie nguzo saruji chini zishike."

"Zitaoza. Ndiyo maana ziko juu ya mawe."

Anaandika, anaitikia, anaondoka. Kikao kinachofuata anakuja na rangi ya mafuta. Nikaeleza rangi. Kikao kingine mjumbe mmoja akauliza kama mianzi hii itatoa pombe ya ulanzi, watu wakacheka, nusu saa ikapotea wakikumbushana ulanzi wa Iringa. Kikao kingine Bwana Kibwana akasimama kusema ameangalia mchoro usiku kucha na amegundua kosa: kati ya paa na paa kuna uwazi. Akajitolea mabati ya kuziba. Nilichukua karatasi tatu, nikazikunja, nikazipandanisha mezani, nikamwaga maji ya chupa juu yake mbele ya wajumbe wote. Chini pakabaki pakavu. Wajumbe wakapiga makofi. Bwana Kibwana akasema amefurahi sana, na yale mabati atayaweka akiba tukibadili mawazo.

Mianzi tuliikata kiangazi kwenye vilima vya juu ya Munisagara, tukachagua ile iliyokomaa, yenye ukungu mweupe kwenye ngozi. Tuliiloweka mtoni mpaka ikanuka vibaya, maana utamu ukitoka ndani yake wadudu wanapunguza hamu. Wakulima waliokuwa wakipita walituuliza kwa upole kama tuna akili timamu. Ilipokauka kivulini ikasafirishwa Mikumi, na banda likapanda, kamba kwa kamba, kwa mikono ya mafundi waliolalamika kila siku na kufunga vifundo vizuri ajabu.

Lilipokwisha nililizunguka peke yangu. Sitajifanya mnyenyekevu. Lilikuwa zuri. Upepo ulipita ndani yake hata saa ya jua kali, na mwanga ulishuka kutoka juu vipande vipande mpaka sakafuni. Mama Zuhura, mmoja wa mama lishe, mwanamke mnene mwenye sauti inayofika upande wa pili wa barabara, alikuwa amekwisha kuleta sufuria zake.

"Mama, shikamoo. Niwashe?"

"Marahaba, mwanangu. Washa."

"Haiwezekani," akasema Bwana Kibwana nyuma yetu. "Bado halijazinduliwa."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kuharibika. Kamati ilikuwa imeamua kwamba banda litafunguliwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi hawezi kuja kufungua kitu ambacho watu wamekwisha kukalia. Kibao cha marumaru kilikuwa kimechongwa tayari, kimeachwa nafasi ya jina na tarehe. Utepe ulikuwa umenunuliwa. Kamba ikazungushwa kuzunguka banda lote, akawekwa mlinzi, na Mama Zuhura akarudi na sufuria zake chini ya mwavuli, hatua chache kutoka kwenye kivuli kilichokuwa kimekaa bure.

Mgeni rasmi akaahirisha. Tukaambiwa mwezi ujao. Mwezi ujao akapata safari. Kamati ikafanya kikao kutafuta mgeni rasmi mwingine, wa kwanza akasikia, ikabidi aombwe radhi, na tukarudi kumsubiri yule yule. Wasafiri walikuwa wakifika na mizigo, wanalitazama banda, wanatazama kamba, wanakwenda kukaa juani bila kuuliza, kwa kuwa sisi sote tumelelewa vizuri. Walioingia ni nyani peke yao. Walikaa ndani wakitoana chawa, na mlinzi aliponiona nawatazama akajitetea kwamba wale hawasikii.

Siku moja nilifika kutoka Kilosa nikakuta nguzo zote zimefungwa nailoni. Nailoni, kama ile mnayoiacha kwenye sofa mpya sebuleni mpaka makalio yanatoka jasho kwa miaka mitano. Kila nguzo imeviringishwa kuanzia chini mpaka kwenye paa la kwanza, ikabanwa kwa utepe wa gundi. Bwana Kibwana alikuwa amesimama pembeni, ameridhika.

"Vumbi, dada. Mgeni akija alikute jipya."

Nilimuuliza kama anaona maji kwa ndani. Yalikuwepo, matone kabisa, yamejipanga juu ya ngozi ya mwanzi. Nikamweleza kwamba nguzo inatoa jasho, jasho halina pa kwenda, mwanzi unalainika, na kadudu kanasherehekea. Akanisikiliza kwa heshima zote.

"Ni kwa muda tu," akasema. "Hatuwezi kumpokea mgeni na nguzo za vumbi."

"Bwana Kibwana, nani atakaa humu? Mgeni?"

"Atakaa siku ile."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine watakaa wananchi. Lakini kwa utaratibu."

Nilipiga kelele siku hiyo, nakiri, mpaka Mama Zuhura akaja kunishika mkono. Nikabandua nailoni kwenye nguzo moja. Wiki iliyofuata ilikuwa imerudishwa, na utepe wa gundi umeongezwa. Niliandika barua, nikaongea na wajumbe mmoja mmoja. Kila mmoja aliniambia pembeni kwamba nina haki, na kikaoni kila mmoja akanyamaza. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyefungua kabla ya mgeni. Ukiwauliza kuna sheria gani, hawaijui. Haipo. Ni aibu tu, na aibu kwetu ina mlinzi mkali kuliko yule wa kamba.

Kisha nikaona unga wa njano. Ulikuwa kidogo, chini ya nguzo ya upande wa soko, umepenya kwenye nailoni iliyochanika. Nilichuchumaa nikaushika kwa kidole. Nilikuwa nimebakiwa na wiki chache kazini. Nilitaka kitu kimoja tu, kuona watu wamekaa chini ya mapaa yale kabla hayajaliwa, na nilijua kwamba hesabu hiyo sasa inanishinda.

Nikastaafu. Mlinipa saa ya ukutani na maneno mazuri. Banda likabaki na kamba yake.

Masika yaliyofuata Mama Zuhura akanipigia simu asubuhi. Mama yake Bwana Kibwana amefariki. Alikuwa bibi mzee sana, akiishi kwenye nyumba ya nyuma ya kile kiwanja, na nilikuwa nimemwona mara nyingi amekaa kizingitini. Nikavaa khanga zangu, nikapanda basi kwenda kutoa pole. Niko bado barabarani, kabla hata ya soko, nikaona moshi. Ulikuwa unatoka kwenye paa la juu, na kwenye uwazi wa pili, na wa kwanza, taratibu, katikati ya mvua.

Nilifurahi. Sikujua niiweke wapi furaha hiyo, maana nilikuwa naenda msibani.

Mama Zuhura alinieleza huku akigeuza ubwabwa kwa mwiko mkubwa. Mvua ilianza alfajiri, ua wa Bwana Kibwana ukajaa maji mpaka kwenye vizingiti. Walifunga turubai, likachanika. Watu wakazidi kuja, wazee kwa wanawake, wamesimama wanaloa, mikeka haina pa kutandikwa. Kuni zikagoma kuwaka.

"Basi akasimama pale mvuani, mama, anatazama banda. Halafu akaenda mwenyewe akakata kamba. Mlinzi anamuuliza, na mgeni rasmi? Akawaita wazee waingie."

Nailoni ilikuwa imebanduliwa na watoto wa msibani, na nguzo zilikuwa zinapumua. Mbili zimeliwa kiasi cha kubadilishwa, nyingine zitapona. Wanaume walikaa kwenye mikeka upande wa barabara, wanawake upande wa soko, na mvua ilikuwa inateremka kutoka paa hadi paa bila kumgusa mtu. Nilisimama nje kwanza nikaangalia maji yanapita wapi, kwa mazoea. Yalikuwa yanapita yanapotakiwa. Bibi akazikwa alasiri mvua ilipopungua.

Nililala kwa Mama Zuhura mpaka matanga yalipokwisha. Asubuhi iliyofuata wajumbe wa kamati walikuja wakasimama pembezoni, wanatazama majiko. Moto ulikuwa bado unawaka. Mama Zuhura na wenzake walikuwa wamekwisha kuosha masufuria ya msiba, na bila kumuuliza mtu wakabandika chai ya kuuza. Wasafiri wawili walikuwa wameketi. Wajumbe wakamtazama mwenyekiti wao aliyekuwa akija kutoka nyumbani, amevaa kanzu ile ile ya tangu maziko. Mmoja akakohoa, akasema labda sasa ile kamba irudishwe, kwa utaratibu.

Bwana Kibwana hakumtazama. Aliwaangalia wale wanawake waliompikia siku zote tatu, akavua viatu, akaja kukaa karibu nami. Mama Zuhura akatuletea chai na maandazi. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mtu huyu, nimeyapanga tangu mwaka uliopita, makali na yenye haki yote.

"Dada," akasema, anatazama juu kwenye mapaa. "Mama alikuwa ananiomba kila jua likiwa kali. Nyumba ile ni ya moto. Ananiambia, mwanangu, nipeleke nikakae kwenye lile banda kidogo, nipate upepo."

Akafuta tope kwenye upindo wa kanzu.

"Nikawa namwambia asubiri mgeni rasmi."

Sikumwambia hata neno moja katika yale niliyoyapanga. Nikamsogezea kikombe, nikamwambia anywe kabla haijapoa.